Kompyuta Ilibaki West Indies

Kompyuta yangu ni nzito kama mbuzi, na nimewahi kuibeba mara moja tu, siku niliyoinunua. Ilikuwa mali ya ukumbi mmoja wa gemu hapa mjini Eldoret, ambako vijana walikuwa wakilipa kucheza mpira kwenye skrini, mpaka mwenye ukumbi akafunga na kuuza kila kitu hadi viti. Mimi sichezi gemu. Mimi nachora nyumba. Lakini programu ya kuchora nyumba inataka nguvu zile zile ambazo gemu inataka, na mashine ile ilikuwa nazo. Niliipandisha ngazi za nyumba yetu katika mtaa wa West Indies nikiwa nimeikumbatia, na mgongo ukaniuma wiki nzima.

Mama hakuipenda tangu siku ya kwanza. Ubavuni ina taa nyekundu na za buluu ambazo sijapata kujua zinavyozimwa, na feni zake huvuma mchana kutwa. "Umeniletea disko kwa nyumba," alisema, akaenda zake jikoni. Mama yangu ni mstaafu wa kiwanda cha nguo na mtu wa kanisa. Alikuja mji huu kutoka upande wa ziwa akiwa bibi arusi, na tangu baba atutoke tunaishi wawili tu. Tunapendana na tunagombana, mara nyingi kabla hata ya chai ya saa nne.

Kwa miaka mingi nilimchorea mwanakandarasi mmoja mjini. Nilikuwa nachora, yeye anapeleka kwa wateja, na kwenye pembe ya karatasi, pale jina la mchoraji linapokaa, linakaa jina lake. Siku moja nilimuuliza kwa nini. Alicheka, akasema, "Kwani wateja wanajua wewe ni nani?" Mimi ni mwepesi wa hasira, lakini nina ubaya mwingine unaozidi huo: nikikasirika kweli kweli, nanyamaza na kuanza kupanga.

Kisha kikaja kikundi cha wanawake wafugaji wa Moiben. Walitaka nyumba ya kupokelea maziwa: chumba cha kupokea na kupima, chumba cha tangi la kupozea, na ofisi ndogo. Mmoja wao alikuwa anamfahamu Mama kwa mambo ya kanisa, akaniita moja kwa moja bila kupitia kwa bosi. Bosi alisikia, naye akaomba kazi hiyo hiyo. Mwenyekiti wa wale wanawake akaamua kwamba bosi aende Jumamosi moja, mimi niende inayofuata, na kamati ichague siku hiyo hiyo nikiwa nimesimama pale pale. Nilipoomba likizo nikajitayarishe, bosi alinipa bila ubishi. "Ukishindwa, kiti chako kiko hapa," akasema, akakipigapiga kile kiti mgongoni. Nilikiangalia, nikajua kwamba nikikikalia tena Jumatatu, nitazeekea pale na jina langu halitaandikwa mahali popote.

Bosi alikwenda na picha kubwa za rangi, zimechapishwa vizuri, sina la kusema. Lakini yule mama wa kanisa aliniambia jambo moja. Kamati ilimuuliza kama nyumba ingeweza kugeuzwa kidogo iangalie barabara, naye akawajibu kwamba hilo ni mchoro mwingine na malipo mengine. Hawakulipenda jibu hilo. Nilipolisikia hilo, nilijua nitakachofanya. Nitaigeuza nyumba mbele ya macho yao, hapo hapo, mara nyingi kadiri watakavyotaka.

Shida ni kwamba nyumba ile ilikuwa ndani ya lile sanduku zito, na sanduku lisingefika Moiben likiwa zima. Nilikuwa na laptopu nyembamba, nyepesi kama daftari, niliyoinunua kwa ajili ya kuandikia barua. Nikiifungulia mchoro wangu, inaganda, inapata joto, inazimika. Ndipo nikajifunza kwamba si lazima laptopu ifanye kazi yenyewe. Unaweza kuiacha kompyuta kubwa nyumbani ifanye kazi yote ngumu, nayo iitumie laptopu picha tu ya skrini yake kwa njia ya intaneti. Wewe unasogeza mshale huku, na kule nyumbani mshale unasogea. Vijana hufanya hivyo ili wacheze gemu wakiwa kitandani. Nami nikasema, kama inawezekana kwa mpira, itawezekana kwa maziwa.

Jaribio la kwanza nililifanya nikiwa jikoni, laptopu iko juu ya meza karibu na sufuria ya ugali. Sikujua kwamba Mama alikuwa chumbani mwangu akipangusa vumbi. Nilisogeza mshale, nikafungua mlango wa ile nyumba, na hapo nikasikia kelele.

"Shindwe! Kwa jina la Yesu, shindwe!"

Nilimkuta amesimama mbele ya skrini, kitambaa cha vumbi kimeinuliwa juu. Nilicheka mpaka nikakaa chini, jambo ambalo halikunisaidia. Baada ya kunipiga na kile kitambaa, alikubali kuelezwa.

"Kwa hivyo wewe uko jikoni, lakini mkono wako uko huku?"

"Ndiyo, Mama."

"Na ukienda mbali?"

"Hata nikiwa Moiben, ukikaa hapa utauona."

"Basi huo mkono uwe na adabu," akasema, akaendelea kupangusa.

Majaribio mengine niliyafanyia Yamumbi, nyumbani kwa rafiki yangu, nikitumia intaneti ya simu. Mara ya kwanza picha ilikuja imekatikakatika vipande, na mshale ulikuwa unafika nikiwa nimeshakata tamaa. Nilirudi nyumbani, nikaichomeka kompyuta kwa waya mrefu hadi kwenye kisanduku cha waifai kilichoko sebuleni, badala ya kutegemea hewa. Nikapunguza ubora wa picha, nikabadilisha laini ya simu. Mara ya pili ilikwenda vizuri kwa dakika kumi, kisha kompyuta ikalala, kwa kuwa hakuna mtu aliyekuwa ameigusa. Nikaiondolea ruhusa ya kulala. Mara ya tatu nilipata giza tupu, na nilipopiga simu nyumbani, Mama akaniambia kwa fahari kwamba amezima skrini ili tusimalize tokeni za stima. Nilimwomba aiwashe. Mara ya nne nilitembea ndani ya ile nyumba kuanzia mlangoni hadi kwenye tangi, nikiwa Yamumbi, bila kukwama hata mara moja. Rafiki yangu aliniambia nirekodi video niwe nayo pembeni, lolote laweza kutokea. Nilikataa. Niliona ni kama kujiandaa kushindwa, na nilikuwa nimeapa sishindwi. Huo ulikuwa ujinga wangu, nakubali.

Kilichobaki kilikuwa Mama mwenyewe, na hasa Mama na radi.

Kwetu, ngurumo ikilia, nyumba hufungwa kama duka. Mama huchomoa kila plagi, hufunika vioo vyote kwa leso, huzima simu, kisha huingia kitandani na kujifunika blanketi mpaka kichwani. Usimcheke. Alipokuwa mtoto, shangazi yake alipigwa na radi akiwa amesimama mbele ya kioo anachana nywele, na Mama alikuwa mlangoni. Amenisimulia mara moja tu maishani mwangu, na hakumaliza.

Ijumaa jioni nilimkalisha chini. "Mama, kesho usiguse kompyuta. Usiizime, usiichomoe, na skrini yake uiache iwake. Hata dunia ikipinduka."

"Na radi ikija?"

"Hata radi ikija."

Aliiangalia ile mashine na taa zake, akaniangalia mimi. "Hii kazi ni ya muhimu hivyo?"

"Nikiikosa, narudi kwa kile kiti."

"Sitaigusa," alisema. "Nimekuahidi."

Ningemwambia asante. Badala yake nilibandika utepe wa gundi juu ya swichi ya ukutani, nikamwambia asisahau.

Moiben tulikutana kwenye ukumbi wa kanisa moja dogo, mimi na wanawake kumi na wawili wa kamati. Walikuwa wametoka kukamua na kulisha, wengine bado wana gambuti miguuni. Kwenye kona palikuwa na mkebe mkubwa wa maziwa, ule wa chuma wenye masikio mawili, umejaa chai ya kutosha kijiji. Niliiweka laptopu juu ya meza, nikaunganisha simu, nikabonyeza. Nyumba ikatokea.

"Inaweza angalia barabara?" Mwenyekiti aliuliza, na nilijua ananipima.

Niliigeuza. Wakaguna, kisha wakacheka, kisha wote wakataka kuigeuza. Niliwaambia kwamba kompyuta inayoigeuza haiko pale.

"Na hiyo kompyuta iko wapi?"

"Iko kwetu West Indies, mama. Hapa ni picha tu inakuja."

"Na inatusikia tukiongea?"

"Haisikii. Inafuata mkono wangu tu."

Nilikuwa nimewafikisha mlangoni, nataka kuwaingiza ndani, wakati mama mmoja aliyekaa karibu na dirisha aliposema kwamba upande wa mjini kumekuwa kweusi. Nilitazama. Kulikuwa kweusi kweli, na umeme ulikuwa unachora mistari juu ya Eldoret. Niliporudisha macho kwenye skrini, mlango ulikuwa umeganda. Nilisogeza mshale, haukusogea. Kisha ikaja ile sentensi kwamba mawasiliano yamekatika.

Nilipiga simu nyumbani, nikaambiwa mteja hapatikani. Nikapiga tena, nikaambiwa vile vile. Nilimwona Mama kwa macho ya moyo, anabandua ule utepe wangu, anachomoa plagi, anaingia chini ya blanketi lake. Nilikasirika hadi masikio yakapata moto. Nilimwambia mara ngapi? Aliahidi nini? Na mvua nayo ikatufikia Moiben, ikapiga mabati kwa kishindo hata hatukusikizana tena. Wanawake walikaa wakaniangalia. Hawakuwa wabaya. Walikuwa na ule uso wa huruma ambao mtu humpa mgeni aliyemwaga chai, na huruma ile iliniuma kuliko dharau. Nilikiona kile kiti cha bosi kama kwamba kiko pale ukumbini.

Nikasema hapana. Nilisema kwa sauti, ila mvua iliimeza. Hakuna aliyeweza kutoka nje kwenye mvua ile, kwa hivyo nilikuwa nao bado. Juu ya ukingo wa dirisha palikuwa na chaki za watoto wa Sunday school. Begini nilikuwa na tepu ya kupimia. Vipimo vya nyumba ile nilikuwa navyo kichwani, kila kimoja. Nilianza kusukuma mabenchi, na Mwenyekiti alipoona simuelezi kitu, akainuka akasukuma na yeye. Nikapiga magoti kwenye sakafu ya simiti, nikachora chumba cha kupokelea chote kwa ukubwa wake halisi: ukuta huu, dirisha lile, mizani hapa, mlango pale. Niliposimama magoti yalikuwa meupe.

"Ingieni!" nikapiga kelele. "Piteni mlangoni!"

Waliingia. Walipita mmoja mmoja kati ya ile mistari miwili ya mlango, wakizunguka mizani ambayo haipo, wakichungulia dirisha ambalo halipo. Mama mmoja mfupi, ambaye tangu mwanzo hakuwa amesema neno, alisimama nje akiangalia chini. Kisha akamshika mwenzake mkono, wakaenda kwenye kona, wakauinua ule mkebe wa chai, huyu sikio hili na yule sikio lile. Walikuja nao hadi mlangoni kwangu, bega kwa bega, mkebe katikati. Mguu wa yule mfupi ukakanyaga chaki.

"Hapa nimegonga ukuta," alisema. Mvua ilikuwa imeanza kupungua, na wote walisikia. "Mkebe kubwa tunabebaga watu wawili. Hii mlango umechorea mtu mmoja."

Walicheka mpaka chai ikamwagika. Mimi niliona aibu tupu. Nilikuwa nimepita kwenye mlango ule mara mia kwenye skrini, kutoka jikoni, kutoka Yamumbi, na kila mara nilipita peke yangu, mikono mitupu.

"Ya yule mwanaume ilikuwa kubwa?" mmoja akauliza.

"Ya yule hatukuingia," Mwenyekiti akajibu.

Nilirudi kwenye meza, nikabonyeza tena, bila matumaini, kwa ukaidi tu. Picha ikarudi. Mlango ulikuwa pale pale nilipouacha. Sikungoja kushangaa. Niliwaita wote wakazunguka meza, nikaushika ule mlango kwa mshale na kuanza kuuvuta.

"Ongeza," alisema yule mama mfupi. "Ongeza tena. Ongeza kidogo. Hapo!"

Dirisha lilikosa nafasi, nikalihamishia ukuta wa pili. Mizani nikaisogeza nyuma ili wawili wenye mkebe wapate kugeuka. Kila nilichogusa kilibadilika wakiona, na kila kilipobadilika walikwenda kwenye chaki kukihakikisha kwa miguu, nami nikafuta na kuchora upya. Tulikwenda hivyo hivyo, skrini na sakafu, mpaka jua likatoka. Kisha Mwenyekiti aliwaambia wainue mikono. Nilihesabu mikono kumi na moja, na wa kumi na mbili ulikuwa wake.

"Kazi ni yako," alisema. "Na kwa hiyo karatasi uandike jina yako, si ya mtu mwingine. Lakini siku ya kuchimba msingi, ukuje na chaki."

Ungedhani nilirudi mjini nikiimba. Nilifurahi, ndiyo, lakini hasira ilikuwa bado haijanitoka. Nimepata kazi, lakini nimeipata licha ya Mama, ndivyo nilivyojiambia. Kutoka Moiben hadi West Indies nilitunga maneno, nikayapanga, nikayanoa. Nitamwambia kwamba aliahidi. Nitamwambia kwamba alinidharau kama bosi alivyonidharau. Hilo la mwisho nililipenda sana.

Kioo cha sebuleni kilikuwa bado kimefunikwa leso. Mama hakuwa sebuleni, wala hakuwa kitandani kwake. Alikuwa chumbani kwangu, amekaa kwenye kiti mbele ya kompyuta, amevaa gambuti za mpira za shambani, mikono juu ya magoti. Ubavu wa kompyuta wenye zile taa alikuwa ameuning'inizia leso nyingine. Skrini ilikuwa inawaka.

"Mama, kwa nini uliizima?"

"Sikuizima."

"Mama, picha ilikatika nikiwa katikati ya watu!"

"Angalia utepe yako."

Niliinama. Utepe ulikuwa vile vile nilivyoubandika, hata kona yake moja haikuwa imebanduka.

"Basi ulichomoa nini?"

"Nilichomoa friji. Nikachomoa TV, na redio, na hiyo ingine kidogo ya taa ya kijani huko sebuleni. Wewe uliniambia kompyuta. Kompyuta sikugusa."

Kile kisanduku cha waifai. Katika mafundisho yangu yote sikuwa nimekitaja hata mara moja. Ile hotuba niliyoinoa njia nzima ilinitoka kichwani yote, nikakaa kitandani.

"Na mbona hukuenda kujifunika kama siku zote?"

"Niliogopa," alisema, akiangalia gambuti zake. "Nilijua nikijifunika, radi ikipiga karibu nitasahau, nitaruka nikuje kuchomoa. Nikasema afadhali nikae nayo. Hizi taa zilikuwa zinanitisha, nikazifunika. Ilipiga hapo nyuma ya nyumba, mara mbili. Nikashikilia kiti."

Nilitazama kile kiti alichokishikilia. Kutoka hapo hadi kwenye mashine hapafiki hata urefu wa mkono. Alikuwa amekaa hapo wakati wote wa radi, mtu ambaye hawezi kupita mbele ya kijiko kinachong'aa mbingu zikinguruma.

"Halafu ikaanza kwenda upande ya Moiben," aliendelea, "na simu nimezima, naogopa kuwasha. Sikujua kama uko ndani ama uko njiani. Nikarudisha vitu kwa stima, nikarudi nikakaa. Mara nikaona kamshale kanatembea." Aliinua kidole, akanionyesha kwenye skrini, bila kuigusa. "Kakashika mlango, kakavuta. Kakavuta tena. Nikasema, huyo ni msichana wangu. Yuko mzima."

Nililia, na sioni haya kusema. Nilimwambia asante, ile ya Ijumaa na ya siku hiyo. Nilimwambia kazi tumeipata. Kisha nikainama kando yake, nikashika kipanya, na kwenye pembe ya mchoro, pale jina la mchoraji linapokaa, nikaandika langu, herufi moja moja, naye akisoma kwa sauti ya chini kila nilipoandika. Alipofika mwisho aliitikia kwa kichwa.

"Ni sawa," alisema. "Sasa naweza kuinuka?"